Mashine za chumba cha baridi kwa Nyanda za Juu Kusini: ipi inastahili fedha zake

Profoma nyingi za vyumba vya baridi zinazofika Mbeya hufanana: vipimo vya chumba kwa mita, unene wa paneli, kompresa ya “farasi 5” au “farasi 10”, kisha jumla ya fedha na muda wa dhamana. Katika mashine nilizozikagua au kuzisimamia kwa ajili ya wafanyabiashara wa mboga na maparachichi kati ya Uyole, Tukuyu na Njombe, sijaona kipimo kinachompotosha mnunuzi kuliko hicho cha farasi. Nguvu ya farasi hueleza mota ya kompresa, lakini haisemi mashine itaondoa joto kiasi gani ndani ya chumba. Kompresa ileile inayotunza maparachichi kwenye nyuzi 6 za Selsiasi hupoteza nusu ya uwezo wake au zaidi ikipewa kazi ya kutunza samaki kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kuchagua mashine kwa farasi ni kama kununua ng'ombe wa maziwa kwa kupima urefu wa pembe zake.

Kipimo kinachostahili kuandikwa kwenye profoma ni kilowati za ubaridi, nacho hakina maana mpaka kiambatane na masharti mawili: joto la ndani ya chumba na joto la hewa ya nje ambamo mashine ilipimwa. Muuzaji makini hutoa jedwali la kiwanda bila kusitasita, kwa sababu watengenezaji wanaojulikana wa kompresa, kama Bitzer, Copeland na Danfoss, huchapisha majedwali hayo kwa kila modeli. Kampuni moja iliyotuletea bei kutoka Dar es Salaam ilipoulizwa kilowati ilijibu kwamba “farasi 5 zinatosha chumba cha ukubwa huo”, na jibu la namna hiyo linatosha kuiweka profoma yake pembeni, hata kama bei yake ni nafuu.

Ukubwa wa chumba, ambao ndio wauzaji hupenda kuanza nao, una uzito mdogo kuliko unavyodhaniwa. Tuchukue chumba cha mita 6 kwa 5, chenye kimo cha mita 3, kilichojengwa kwa paneli za poliurithani za milimita 100. Kuta, dari na sakafu yake kwa pamoja ni mita za mraba 126. Paneli nzuri ya unene huo hupitisha takriban wati 0.22 kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti ya joto, hivyo nje kukiwa na nyuzi 25 na ndani 5, joto linalopenya halizidi wati 560. Sasa ingiza humo tani 5 za maparachichi yaliyochumwa mchana yakiwa na nyuzi 22, ukitaka yashuke hadi 6. Kila kilo inahitaji kuondolewa kama kilojuli 3.6 kwa kila nyuzi, kwa hiyo shehena nzima imebeba kilojuli 288,000. Zikiondolewa kwa saa 18, mashine inahitaji kilowati 4.4 kwa ajili ya matunda peke yake; ukitaka kazi hiyo iishe kwa saa 8, inahitaji kilowati 10. Juu ya hapo kuna joto la matunda yenyewe, ambayo huendelea kupumua baada ya kuchumwa, joto la feni, la taa, la watu wanaopakia, na la hewa inayoingia kila mlango unapofunguliwa.

Maana yake ni kwamba vyumba viwili vilivyojengwa kwa kipimo kimoja vinaweza kuhitaji mashine zenye tofauti ya mara nne. Chumba cha Tukuyu kinachopokea matunda ya moto kila jioni si sawa na chumba cha Mwanjelwa kinachotunza bidhaa zilizokwisha kupozwa. Anayeomba bei bila kumweleza muuzaji tani ngapi zitaingia kwa siku, zikiwa na joto gani, na zinatakiwa kupoa kwa saa ngapi, hana haki ya kulalamika akiletewa mashine ya kubahatisha.

Hapo ndipo mazingira yetu yanapoingia, na hili ndilo jambo ambalo profoma za Dar es Salaam karibu zote hulipita. Jiji la Mbeya liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Njombe iko juu zaidi. Kwenye kimo cha Mbeya, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 18 kuliko hewa ya pwani yenye joto lilelile. Feni ya kondensa, sehemu inayotupa nje joto lililotolewa chumbani, huzunguka kwa kasi ileile na kusukuma ujazo uleule wa hewa, ila hewa hiyo ina uzito mdogo, kwa hiyo hubeba joto pungufu. Ndivyo ilivyo pia kwa feni za ndani zinazopuliza juu ya evaporeta, sehemu inayofyonza joto la chumba. Mtengenezaji anayeheshimu kazi yake huwa na kipunguzo cha uwezo kulingana na kimo, na muuzaji anatakiwa kukitumia kabla ya kutaja modeli.

Wauzaji hujibu kwamba huku kwetu kuna baridi, hivyo mashine iliyopimwa kwa joto la nje la nyuzi 35 au zaidi itakuwa na ziada ya kutosha. Hoja hiyo ina ukweli wa nusu. Mchana wa kawaida wa Mbeya haufikii joto la Dar es Salaam, na kondensa hufaidika nao, kiasi kwamba kwa miezi mingi faida hiyo hufidia upungufu wa hewa nyepesi. Tatizo huja usiku wa Juni na Julai, hasa Njombe na Makete, ambako baridi hushuka mpaka mashine yenyewe inasumbuka. Joto la nje likishuka sana, shinikizo la gesi upande wa kondensa hushuka pia, na vali ya upanuzi inayotegemea tofauti ya shinikizo hushindwa kupeleka gesi ya kutosha kwenye evaporeta. Swichi ya shinikizo la chini huona upungufu na kuzima kompresa. Mlinzi husikia ukimya na kudhani chumba kimeshapoa, kumbe ndani joto linapanda. Fundi asiyejua chanzo huongeza gesi, na mchana jua likiwaka, gesi hiyo ya ziada hupandisha shinikizo mpaka swichi ya upande wa pili nayo inakata.

Tiba yake si ghali, ila sharti iagizwe na mashine tangu mwanzo: kifaa cha kupunguza kasi ya feni ya kondensa au kuizima kwa kufuata shinikizo, pamoja na hita ya mkanda kwenye tumbo la kompresa, inayozuia gesi kugeuka kimiminika ndani ya oili wakati mashine imesimama. Kompresa inayowashwa alfajiri ikiwa na kimiminika tumboni hupoteza ulainishaji wake na hufa kabla ya umri wake. Nimeona mashine za aina nzuri kabisa zikifungwa Njombe bila vifaa hivi viwili kwa sababu tu modeli ileile ilikuwa imefanya kazi vizuri Kibaha, mkoani Pwani. Kwa maoni yangu, profoma ya chumba cha Njombe, Makete au Kitulo isiyotaja hita ya kompresa na udhibiti wa feni haijakamilika, hata kama kila kitu kingine kimo.

Jambo la pili ambalo halionekani kwenye kipimajoto ni unyevu. Chumba kinaweza kusoma nyuzi 5 kwa uaminifu wote na bado karoti zikanywea na maparachichi yakapungua uzito, na mfanyabiashara anayeuza kwa kilo hulipia upungufu huo. Chanzo chake ni evaporeta ndogo. Ikiwa eneo lake ni dogo, lazima iwe na baridi kali mno ili kupoza chumba, na ubaridi huo mkali hunyonya mvuke kutoka hewani na kuugeuza barafu kwenye mapezi yake. Kwa mboga na matunda yanayohitaji unyevu wa asilimia 90 hadi 95, tofauti kati ya joto la hewa ya chumba na joto la gesi ndani ya evaporeta inafaa iwe nyuzi 5 au 6. Mashine za bei ya chini hufanya kazi kwa tofauti ya nyuzi 10 na kuendelea, jambo ambalo si kosa kwa soda na bia, lakini ni hasara kwa kabichi. Muuzaji akisema kwamba evaporeta kubwa ni anasa, mwombe aiandike kauli hiyo na kuitia saini.

Nikija kwenye aina zenyewe za mashine, nitaanza na ile inayouzwa zaidi mijini, yaani monobloku: mashine iliyounganishwa kiwandani, yenye kompresa, kondensa na evaporeta kwenye boksi moja linalopachikwa ukutani au juu ya dari ya chumba. Faida yake kubwa ni kwamba gesi imeshajazwa na mabomba yameshachomelewa kiwandani, hivyo fundi wa hapa hana nafasi ya kuharibu sehemu nyeti ya kazi. Zipo sasa zinazotumia propani, yaani R290, zikiwa na gesi kidogo sana, mara nyingi isiyozidi gramu 150 kwa kila mzunguko, nazo hula umeme kwa nidhamu. Kwa bucha, duka la maziwa au hoteli ya Mafinga yenye chumba cha mita chache za mraba, naipendekeza bila wasiwasi. Udhaifu wake ni kwamba uwezo wake ni mdogo, evaporeta yake kwa kawaida ni finyu, na inapoharibika chumba kizima kinasimama. Tena mafundi wengi wa friji wa mikoa yetu wamezoea gesi zisizowaka. Monobloku ya propani ikivuja, fundi anayekuja na moto wa kuchomelea kabla ya kupitisha hewa ya kutosha anahatarisha maisha yake na ya waliomo.

Aina ya pili ni mashine iliyogawanywa, ambayo kompresa na kondensa hukaa nje na evaporeta hukaa ndani, zikiunganishwa kwa mabomba ya shaba. Hii ndiyo ninayoiona kuwa sahihi kwa kikundi cha wakulima au mfanyabiashara anayeingiza kuanzia tani 3 kwa siku, kwa sababu mnunuzi anaweza kuchagua evaporeta kubwa kuliko ile ya kawaida, anaweza kudai udhibiti wa feni niliouelezea, na kila sehemu hutengenezeka peke yake. Lakini ubora wake wote uko mikononi mwa anayeifunga. Mabomba yachomelewe huku naitrojeni ikipita ndani ili kuzuia masizi, mfumo ujaribiwe kwa shinikizo la naitrojeni, kisha uvutwe hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu na kupimwa kwa geji ya vakyumu. Fundi anayefukuza hewa kwa kuachia gesi kidogo itoke huacha unyevu ndani, na unyevu huo ukikutana na oili za kisasa hutengeneza asidi inayokula waya za kompresa. Ukimwona anafungua boksi lake la vifaa na hamna mtungi wa naitrojeni, ni bora kazi isianze.

Kwa chumba cha mfano nilichokitaja, ningechagua mashine mbili ndogo zilizogawanywa badala ya moja kubwa. Gharama ya ununuzi hupanda, na wauzaji wengi hushangaa ombi hilo, ila moja ikikwama usiku wa Ijumaa wakati chumba kimejaa, ile nyingine hutunza ubaridi mpaka kipuri kifike. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, na kipuri ambacho hakipo Mbeya mjini huja na basi la siku inayofuata ikiwa bahati ipo. Maparachichi yaliyokwisha kupoa na kuachwa yapate joto huanza kuiva kwa pamoja, na mnunuzi wa nje hayapokei.

Aina ya tatu ni ya wenye mtaji mdogo: kiyoyozi cha kawaida cha nyumbani kilichofungiwa kifaa cha kukidanganya, ambacho kinachojulikana zaidi ni CoolBot ya Marekani. Kiyoyozi kwa kawaida hakishuki chini ya nyuzi 16. Kifaa hiki hupasha kihisi chake joto kidogo ili kiendelee kupoza, na hukipumzisha pale mapezi yake yanapotaka kuganda. Nilikitazama kwa mashaka, na bado nina mashaka kwa wanaotaka kukitumia kupoza tani za matunda ya moto, kazi ambayo kiyoyozi hakikuundwa nayo. Hata hivyo, kwa kikundi kidogo chenye chumba cha paneli kilichofungwa vizuri, kinachoingiza kilo mia chache kwa siku na kufunguliwa mara chache, kinafanya kazi ya heshima kwenye nyuzi 6 hadi 10, na kiyoyozi kikifa, mbadala wake unapatikana kwenye duka lolote la vifaa vya umeme pale Kabwe. Hakifai kwa kugandisha, wala hakifai penye mlango unaofunguliwa kila dakika. Kwa viyoyozi vya inveta, thibitisha kwanza kwamba modeli husika inakubali kudanganywa, kwani nyingine hukataa na kuonyesha kosa.

Aina ya nne ni kontena la baridi lililotumika, la futi 40, linaloondolewa kwenye safari za meli na kuuzwa. Mashine zake, za Carrier, Thermo King, Daikin au Star Cool, zimejengwa kuvumilia chumvi na mtikisiko wa bahari, na joto lake hudhibitiwa kwa usahihi ambao vyumba vingi vya kujengwa havifikii. Linahitaji umeme wa fezi tatu wa volti 380 hadi 460, linakubali hezi 50 na 60, na sakafu yake yenye mifereji hupitisha hewa chini ya mzigo wote. Lakini kontena limeundwa kutunza bidhaa iliyokwisha kupozwa wakati wa safari. Anayelijaza maparachichi ya nyuzi 22 na kufunga mlango atasubiri siku kadhaa kabla ya matunda ya katikati kushuka, huku yale ya pembeni yakisoma vizuri na kumpa faraja ya uongo. Nalikubali kama ghala la kusubiri lori la kwenda bandarini, na nalikataa kama chombo pekee cha kupoza. Kabla ya kulipia, sharti liwashwe likiwa tupu mbele ya mnunuzi na kushushwa mpaka nyuzi 18 chini ya sifuri. Muuzaji anayesema umeme haupo yadini auze kwa mwingine.

Hizo kazi za kupoza haraka zina suluhisho ambalo halimo kwenye profoma hata moja niliyowahi kuletewa, nalo ni upepo wa kulazimishwa. Kreti hupangwa safu mbili zenye nafasi katikati, nafasi hiyo hufunikwa kwa turubai, na feni huvuta hewa baridi ya chumba ipite ndani ya matundu ya kreti badala ya kuzunguka nje yake. Matunda ambayo yangechukua siku nzima kupoa hupoa kwa saa chache, ilimradi mashine ina kilowati za kutosha. Feni, turubai na fremu ya mbao hugharimu sehemu ndogo sana ya bei ya chumba, na hutengenezwa na fundi wa kawaida wa SIDO.

Kuhusu viazi mviringo nitasema maneno machache, kwa kuwa ndio mzigo mkubwa wa Nyanda za Juu na ndio unaowavutia wauzaji wa mashine. Viazi vya chipsi vikiwekwa kwenye baridi ya nyuzi 3 au 4, wanga wake hugeuka sukari, na chipsi hutoka nyeusi na chungu. Baridi hiyo ni ya mbegu. Viazi vya kula vinatosheka na nyuzi 7 hadi 10 gizani, na usiku wa Njombe hutoa hewa ya joto hilo bure kwa sehemu kubwa ya mwaka. Ghala lenye kuta nene, madirisha ya chini na ya juu yanayofunguliwa usiku na kufungwa mchana, na feni moja yenye kipima muda, hufanya kazi ambayo wengine wanataka kukopa mamilioni kuifanya kwa kompresa. Anayehitaji kutunza viazi kwa wiki chache tu akisubiri bei, mashine haimhusu.

Kuchanganya bidhaa ni suala jingine linaloharibu sifa ya mashine zisizo na kosa. Maparachichi hutaka nyuzi 5 hadi 7, na aina nyingi huungua kwa baridi chini ya hapo. Kabichi na karoti hutaka karibu na sifuri, nyanya zisizoiva kabisa hutaka 12 au 13, na ndizi za Rungwe hutaka 13 au 14. Pia maparachichi yanayoiva, pamoja na matufaha ya Makete, hutoa gesi ya ethilini, inayozipa karoti uchungu na kuzigeuza kabichi kuwa za njano. Hakuna kontrola ya bei yoyote inayoweza kuyapatanisha hayo ndani ya chumba kimoja, na muuzaji anayeahidi “chumba cha kila kitu” anauza ahadi. Maziwa nayo yasiletwe kwenye chumba cha hewa yakiwa ya moto; yana matangi yake yanayoyashusha hadi nyuzi 4 kwa kugusana na chuma baridi.

Paneli ni sehemu ambayo mnunuzi anaweza kuihukumu mwenyewe. Milimita 100 za poliurithani zinatosha chumba cha baridi ya juu ya sifuri, na 150 zinafaa chumba cha kugandisha. Polistairini ile nyeupe ya chembechembe ni rahisi kuinunua, lakini hupitisha joto zaidi kwa unene uleule, kwa zaidi ya nusu, na ikiingiwa na maji mahali penye mvua kama za Tukuyu haikauki. Paneli za kushikana kwa kulabu za ndani hufungika na kufunguka bila kuharibika, jambo la maana kwa anayepanga eneo asilolimiliki. Simama ndani, zima taa, mlango ukiwa umefungwa mchana: mwanga ukipenya popote, hewa nayo inapenya. Chumba cha kugandisha kinahitaji pia sakafu yenye kizuizi cha joto, la sivyo ardhi iliyo chini huganda, huvimba na kuinua zege.

Suala la gesi lisiachwe kwa fundi. R22 bado inauzwa na bado mafundi wanaipenda, ila chini ya Itifaki ya Montreal nchi zinazoendelea zilitakiwa kupunguza matumizi ya kundi lake kwa asilimia 67.5 kufikia 2025 na asilimia 97.5 kufikia 2030, kwa hiyo anayenunua mashine mpya ya R22 leo ananunua shida ya upatikanaji wa gesi. R404A imezoeleka kwenye vyumba vya kugandisha, lakini uwezo wake wa kupasha dunia joto ni mara 3,922 ya ule wa kaboni dayoksaidi, nayo imo kwenye orodha ya gesi zinazobanwa na Marekebisho ya Kigali ya 2016. Kwa vyumba vya juu ya sifuri hapa kwetu, R134a yenye 1,430 au R449A yenye kiwango kinachokaribiana nayo ni chaguo la wastani ambalo mafundi wa mjini Mbeya wanaweza kulihudumia, huku propani ikiwa bora zaidi penye mashine ndogo iliyofungwa kiwandani. Kigezo changu hapa hakina ushairi: gesi ambayo huwezi kuiona dukani Mbeya au Iringa kabla ya kununua mashine, usiinunulie mashine.

Umeme wa TANESCO ni volti 230 kwa fezi moja na 400 kwa fezi tatu, kwa hezi 50. Mashine zilizotumika kutoka Marekani huja zimetengenezwa kwa hezi 60. Mota yake ikiunganishwa hapa hupungua kasi kwa moja ya sita, na wakati mwingine huungua. Kwa fezi tatu, rilei ya kulinda fezi si kifaa cha hiari, kwa sababu fezi moja ikikatika nguzoni huku kompresa ikiendelea kujilazimisha, mota huungua kwa dakika chache. Dai pia kipima muda kinachochelewesha kuwaka baada ya umeme kurudi, ili kompresa isianze wakati shinikizo bado halijasawazika. Jenereta ichaguliwe kwa kuzingatia kwamba mota ikiwashwa moja kwa moja huvuta mkondo mara tano hadi saba ya ule wa kawaida, na kwamba injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza kwa makadirio asilimia 15 hadi 20 ya nguvu kwenye kimo chetu. Kifaa cha kuwasha mota polepole hulipia gharama yake kwa kupunguza ukubwa wa jenereta.

Anayetaka kujua gharama ya umeme kwa kila kilo anaweza kuikadiria kabla ya kusaini. Chumba chetu cha mfano, kikipokea tani 5 kila siku, kina joto la bidhaa lenye takriban uniti (yaani kilowati-saa) 80 na joto la kuta lenye uniti kama 13. Ukiongeza milango, feni na kupumua kwa matunda, jumla inakaribia 120 kwa siku. Mashine inayoondoa uniti 2.5 za joto kwa kila uniti moja ya umeme itakula uniti 48 kila siku. Zidisha kwa bei ya uniti unayolipa kwenye LUKU, kisha ugawanye kwa kilo zilizopita siku hiyo. Muuzaji aliyekupa jedwali la kiwanda anaweza kuifanya hesabu hii mbele yako kwa dakika chache.

Mkataba wa kufungiwa mashine ueleze jaribio la kupokelea kazi: chumba kijazwe kiasi kilichokubaliwa cha bidhaa halisi, vipimajoto vinavyorekodi viwekwe katikati ya kreti za nyuma, za mbele na za juu, na joto lifike pale lilipoahidiwa kwa saa zilizoahidiwa. Vipimajoto hivyo vihakikiwe kwanza kwenye maji yenye barafu iliyopondwa, ambayo yanatakiwa kusoma sifuri. Asilimia 10 ya malipo ibaki mpaka jaribio lipite, na kwa vyumba vya Njombe na Makete ningeiachia baada ya Julai.